Kibati cha Rangi Mbili

Jumatatu, 13 Aprili 1998

Siku ya tano wodini. Leo naweza kushika kalamu, kwa hiyo naanza, na naanza kwa shukrani, jambo ambalo wasomaji wa barua zangu gazetini hawatalitegemea.

Namshukuru Fondo, fundi wa makuti, aliyenibeba mgongoni kutoka uani kwangu Tiwi hadi barabarani huku mimi nikiendelea kumtukana. Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia anapanga makuti kama mtu anayemtandikia kitanda mkwe asiyempenda. Akasema, "Basi panda mwenyewe, Mwalimu." Nikapanda. Ngazi ilikuwa imelowa. Mfupa wa mguu wa kulia, chini ya goti, ulitokeza nje ya ngozi, nikauona kwa macho yangu. Mweupe kabisa. Nimeshika chaki miaka ishirini na mbili, sikujua kwamba ninayo nyingine ndani.

Hospitali sitaitaja. Nimezitaja nyingi katika maisha yangu na sikumbuki mgonjwa aliyepona kwa sababu hiyo. Wodi ya mifupa ya wanawake tuko sita. Mimi nina plasta hadi pajani, nayo imekatwa dirisha dogo mbele ili kidonda kioshwe. Kushoto kwangu ni Bi Mwanaima wa Msambweni, miaka sabini na ushei, aliyevunjika paja. Mguu wake umening'inizwa kwa kamba na mawe, naye huyaita mawe hayo "mahari yangu". Kulia kwangu ni Jacinter, mtu wa Siaya, mtandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Gari la mchanga lilimgonga Ukunda. Mguu wake ni kama wangu: mfupa ulitoka nje, sasa una plasta na dirisha. Watatu wengine wako upande wa ukutani, nao wote wana vidonda.

Mvua haijapumzika tangu asubuhi.

Jumanne, 14 Aprili

Uji, mvua, uji.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimegombana na Sista Eddah. Ni mwanamke mwembamba kutoka Taita, anatembea haraka, na hana tabia ya kueleza. Mara nne kwa siku anapita na sinia, na kila mwenye kidonda anapewa kidonge kimoja cha rangi mbili, nusu nyekundu nusu nyeusi. Ndiyo antibiotiki, dawa ya kuua vijidudu. Halafu anatia alama kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni mwa kitanda na kwenda zake. Bi Mwanaima hupewa ya maumivu tu.

"Na Bi Mwanaima je?" nikauliza.

"Bi Mwanaima hana kidonda. Amevunjika ndani kwa ndani, ngozi ni nzima. Haihitaji."

"Nani amekwambia haihitaji? Umemuuliza?"

"Mwalimu, hivi si vitumbua, kwamba kila mgeni lazima aonje."

Wodi nzima ikacheka, na Bi Mwanaima akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nimesoma vya kutosha kujua jinsi dawa zinavyotolewa kwa mizani ya aliyezishika. Mtu mzima, mzazi wa watu, ananyimwa dawa na msichana aliye sawa na wajukuu zake, halafu tunaambiwa tutulie!

Jumamosi, 18 Aprili

Leo tumeanzisha kibati. Fikra ni yangu na naandika hivyo kwa fahari.

Kila mwanamke wa pwani hii anakijua kibati: mnachanga kidogo kidogo, na kwa zamu mmoja anabeba chote. Kidogo chako peke yako hakikununulii hata mwiko, lakini kikija kwa mkupuo unaezeka nyumba. Nikawaambia wenzangu: kwa nini dawa isiwe vivyo hivyo? Kidonge kimoja kimoja ni kama kumfukuza ng'ombe kwa unyoya. Kila mwenye kidonda aweke viwili kati ya vinne vyake vya siku. Baada ya siku nne, mmoja anabeba arubaini. Atakuwa na nguvu ya kweli ndani ya mwili. Na Bi Mwanaima naye apate zamu, kwa sababu kibati hakimtazami mtu ngozi yake.

"Mimi nitachanga nini?" akauliza Bi Mwanaima.

"Dua."

"Hiyo ninayo. Na mkebe pia ninao."

Ni mkebe wa maziwa ya unga, unakaa chini ya mto wangu. Kidonge unakificha shavuni, unakunywa maji, unasema ahsante. Sista ana wodi mbili, hana muda wa kukuchungulia mdomoni. Tumepiga kura kwa vipande vya karatasi. Mimi nimepata ya kwanza, Bi Mwanaima ya pili, wale watatu wa upande wa ukutani wakafuatana, na Jacinter ya sita.

"Aki mimi huwa wa mwisho kila mahali," akasema. "Hata kwetu nilizaliwa wa mwisho." Lakini alikuwa akicheka, na ndiye aliyetia kidonge cha kwanza mkebeni.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemeza zamu yangu yote. Tumbo langu limegeuka mto Ramisi. Kuhusu beseni na yaliyotokea, historia haina haja ya kujua.

Jumatatu, 27 Aprili

Kidonda changu kinakauka. Daktari Mwero amekitazama dirishani akasema, "Safi." Nikamtazama Bi Mwanaima, Bi Mwanaima akatazama mkebe.

Fondo alikuja kunijulia hali na mapapai mawili. Amemaliza paa, anasema halivuji. Nimempa barua ya gazetini aipeleke posta. Kurasa tatu. Nimeandika juu ya wodi isiyo na jina na sista mmoja asiye na jina, mwembamba, mtu wa bara, anayeamua nani apone na nani angoje. Nimemaliza kwa swali: "Dawa zetu zinakwenda wapi?" Ni sentensi nzuri. Nimeisoma kwa sauti mara mbili.

Ijumaa, 1 Mei

Mvua. Daraja la upande wa kaskazini limefunikwa na maji, mkate haujaja. Sista Eddah alitembea kwa miguu kutoka anakolala, sketi imeloa hadi magotini, akaosha vidonda vyote kabla hajabadilisha nguo. Nimeona.

Jumapili, 3 Mei

Jacinter huimba nyimbo za kanisani kila Jumapili, na Bi Mwanaima huitikia kiitikio asichokijua. Leo hakuimba.

"Uko sawa, mwanangu?"

"Niko sawa Mwalimu, ni hii baridi ya mvua tu."

Hakuna baridi. Sote tunapepea kwa vifuniko vya boksi. Na kuna harufu. Nilidhani ni ukuta wenye unyevu.

Jumatano, 6 Mei

Barua imechapwa. Wameipa kichwa cha habari kikubwa kuliko nilichotaka. Mfagiaji alilileta gazeti, na kabla ya saa nne kila mtu alikuwa amelisoma, pamoja na Sista Eddah, aliyelisomea palepale miguuni mwa kitanda changu, amesimama, sinia mkononi.

Nilingoja. Nilikuwa nimeandaa majibu saba.

"Mimi si mtu wa bara," akasema. "Taita ni pwani. Hata kwenye ramani yako ya darasani." Akalikunja gazeti vizuri akanirudishia. Kisha akaenda kwa Jacinter, akafungua kitambaa cha dirisha la plasta, akainama, akanusa, na sura yake ikabadilika. Akamwita daktari. Wakachukua usaha katika kichupa ili upelekwe maabara ya Mombasa. Gari litavuka lini, hakuna anayejua.

Ijumaa, 8 Mei

Leo ni zamu ya mwenzetu wa tano, naye amempisha Jacinter kwa sababu ya homa. Nimefungua mkebe ili nimhesabie chake. Unyevu wa mvua umeingia. Vidonge vimeyeyuka vikashikana, donge moja jekundu na jeusi kama halua iliyoharibika. Nikajaribu kuvibandua kwa kucha, vikapasuka.

"Wacha tu, Mwalimu," akasema Jacinter. Meno yalikuwa yakigongana. "Wacha. Si nimesema huwa wa mwisho."

Nilishika mkono wake. Ulikuwa wa moto kama birika la chai.

Jumatatu, 11 Mei

Nitaandika hii yote kama ilivyokuwa, bila madoido.

Saa tano asubuhi Daktari Mwero alikuja na Sista Eddah, wakasimama baina ya kitanda changu na cha Jacinter. Daktari ni kijana, ana sauti ya chini. Alichukua karatasi ya kitandani akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Jacinter, nitasema wazi. Umemeza dawa hii siku thelathini na tatu bila kukosa hata moja, na kidonda kimezidi. Maana yake vijidudu vilivyomo haviisikii. Nyingine ninayoweza kuitegemea sina hapa, na barabara unaiona. Usaha umefika kwenye mfupa. Nikingoja, sumu itaingia kwenye damu na nitakupoteza wewe mwenyewe. Tutaukata mguu. Alhamisi."

Jacinter hakulia. Aliuliza, "Juu ya goti ama chini?"

"Chini, nikiweza."

"Kwa hoteli hawachukui mtu wa mguu moja," akasema, kama anayemweleza daktari jambo ambalo huenda hakulijua. "Vitanda ni vya ghorofa ya pili."

Walipoondoka, Bi Mwanaima alianza kusoma Yasini kwa sauti ndogo. Mimi nilitazama ile karatasi. Siku thelathini na tatu, alama nne kila siku, safi, zimenyooka. Na tangu kibati kianze, nusu ya alama zile ni uongo. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimewatia watu adabu kwa karatasi, nimetengeneza karatasi ya uongo, na kwa karatasi hiyo mtu atakatwa mguu.

Baadaye mfagiaji, anayejua kila kitu, aliniambia jingine. Tangu barua itoke, Sista Eddah ameitwa na matroni mara mbili kueleza dawa zinakwenda wapi. Ameambiwa alete hesabu ya kila kidonge kwa maandishi kabla ya mwisho wa wiki.

Dawa zinakwenda wapi! Zilikuwa chini ya mto wangu.

Nikamwambia Bi Mwanaima kwamba nitasema.

"Wakitufukuza je?"

"Watatufukuza na mawe yako na kamba zako? Hawawezi."

Akanigeuzia uso. "Basi na mimi nina langu. Zile zangu arubaini sikuzila, mwanangu. Zilinuka. Nilimpa binti yangu akawape kuku. Walikuwa na kideri."

"Wakapona?"

"Wakafa wote."

Sikujua nicheke au nipige kelele. Dawa ya mguu wa Jacinter ilikwenda Msambweni ikaliwa na kuku.

Jumanne, 12 Mei

Nimesema.

Nilingoja daktari na sista wafike, nikautoa mkebe, nikauweka juu ya shuka. Nimehutubia mikutano ya wazazi, ya chama cha walimu, na mara moja mkutano wa mkuu wa wilaya bila kualikwa. Leo sauti ilikataa. Nilianza kwa kusema, "Ile karatasi ya Jacinter si kweli," nikalazimika kunywa maji.

Nikaeleza kibati, zamu, kura, shavu. Daktari alifungua mkebe akatazama lile donge.

"Huyu amemeza vingapi kwa siku?"

"Viwili," akasema Jacinter kutoka kitandani. "Siku zingine kimoja. Nilikuwa nataka zamu yangu ikuwe kubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na nane mwezi uliopita," nikasema mimi.

Daktari akaufunika mkebe. Kisha akamwambia Sista Eddah, akiwa hatutazami sisi, "Kwa hiyo hatujui kama dawa imeshindwa. Haijajaribiwa." Akamgeukia Jacinter. "Sikiliza. Alhamisi nitakupeleka chumba cha upasuaji, lakini sitakata. Nitafungua, nitakwangua mfupa uliokufa, nitaosha. Halafu dawa ileile, kwa sindano, mara nne kwa siku, bila kukosa hata moja. Nakupa siku tano. Homa isiposhuka, nakata. Na sikuahidi kitu."

"Siku tano," akasema Jacinter, na hapo ndipo alipolia.

Daktari akaondoka. Sista Eddah akabaki. Kwa mara ya kwanza tangu nije, akaketi, kwenye ukingo wa kitanda changu, akaushika mkebe mapajani.

"Mwalimu, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ukaniambia si vitumbua."

"Kweli, nilikujibu vibaya." Akapangusa uso. "Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Sasa nakujibu. Dawa hii haifanyi kazi kwa wingi wa mara moja. Inafanya kazi kwa kutokatika. Ikikatika, vijidudu vinapumzika vinarudi. Na asiyekuwa na kidonda hana cha kuponya, anajiharibia tumbo bure."

"Mbona wangu ulipona?"

"Kidonda chako kilikuwa kidogo. Nacho kilipona kwa maji ya chumvi na kukwanguliwa kila siku. Hukumbuki ulivyokuwa ukipiga kelele?"

Nakumbuka. Nilimwita mchinjaji. Mikono yake ndiyo iliyouponya mguu wangu, nami nikaupa sifa mkebe.

Nikamwomba radhi mbele ya wodi nzima. Sikuongeza neno "lakini", na kwangu mimi hilo ni tendo la kishujaa. Akasema, "Yameisha," akainuka na mkebe wake kwenda kwa matroni.

Jumatano, 13 Mei

Sheria mpya. Ukimeza, unafungua mdomo, sista anatazama. "Inua ulimi." Bi Mwanaima, anayepewa ya maumivu tu, aliinua ulimi bila kuambiwa, akauzungusha pande zote kwa maringo.

Alhamisi, 14 Mei

Wamempeleka saa tatu. Wamemrudisha saa sita na nusu. Mguu upo. Nimeuona unyayo umetokeza kwenye shuka, una rangi ya hina ya Bi Mwanaima, ambayo mfagiaji alimpaka kidoleni jana kwa mzaha. Alhamdulillahi.

Nimeandika barua ya pili kwa gazeti. Ukurasa mmoja, jina langu kamili, na neno "nilikosea" katika mstari wa kwanza. Fondo ameichukua.

Ijumaa, 15 Mei

Homa.

Jumamosi, 16 Mei

Homa. Sindano nne. Nimezihesabu.

Jumapili, 17 Mei

Homa. Sista Eddah leo ni siku yake ya mapumziko na amekuja, kwa sababu anayeshika zamu ana wodi tatu na hakutaka sindano ya saa sita ichelewe. Sikuambiwa hivi, nimemwona anafika na kikapu cha kanisani, ametia sindano, ameondoka.

Jacinter aliniuliza nimefundisha watoto wangapi. Nikasema labda elfu moja. "Na hujawahi kukosea hesabu yao?" Nikasema nimekosea sana. "Basi mi ni mmoja tu," akasema. "Usinilie, Mwalimu. Mi mwenyewe ndio niliweka kidonge ya kwanza." Ana miaka ishirini na nne na ananifariji mimi.

Jumatatu, 18 Mei

Asubuhi sista alisoma kipimajoto, akakitikisa, akakirudisha kwapani, akasoma tena. "Thelathini na saba na nukta sita." Bi Mwanaima akapiga kigelegele hadi mawe yake yakayumba, na akakaripiwa.

Jumanne, 19 Mei

Thelathini na saba kamili. Daktari amesema neno moja: "Endeleeni."

Ijumaa, 22 Mei

Barabara imefunguka na majibu ya Mombasa yamefika. Vijidudu vya Jacinter vinaisikia dawa ileile. Vilikuwa vikiisikia siku zote. Dawa ilikuwa sawa, sinia lilikuwa sawa, alama zilitiwa kwa uaminifu. Palipokatika ni katika mashavu yetu.

Matroni alikuja mwenyewe wodini na kumwambia Sista Eddah mbele yetu kwamba hesabu yake imekubaliwa. Sista akasema ahsante na kuendelea kukunja bendeji.

Jumatatu, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Nyama katika mchuzi, vipande viwili kila mtu. Jacinter ameimba. Barua yangu ya pili haijatoka.

Jumamosi, 20 Juni

Naruhusiwa leo, kwa magongo, na plasta fupi. Bi Mwanaima amekataa kuniaga, amesema wanaoagana ni wasiokutana tena, na kwamba anataka kuja kuliona hilo paa lililonivunja. Fondo amenijia na mkokoteni uliotandikwa mkeka.

Nilimpa Sista Eddah mkono. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Akasema, "Kidonda kikitoa maji, uje siku hiyohiyo. Usianzishe chama." Hotuba ikabaki kwapani.

Jumatatu, 6 Julai

Mvua imekwisha, majani ya barabarani yameanza kuwa na vumbi. Nimerudi hospitalini kukatwa plasta. Mguu uliotoka ni mwembamba na una magamba kama wa kuku wa Bi Mwanaima, lakini umenisimamisha.

Nikapanda wodini. Barua ya aibu ilichapwa baada ya siku tisa; barua ya kuungama, leo ni wiki ya nane, haijachapwa. Nimeinakili kwa mkono na nimekuja nayo. Sista Eddah akaisoma amesimama, sinia mkononi, kama alivyoisoma ile nyingine. Akaikunja akaitia mfukoni mwa gauni lake. "Hii nitaiweka," akasema.

Jacinter alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, magongo yake pembeni, miguu yote miwili sakafuni. Wa kushoto ni mfupi kidogo. Daktari amemwambia atachechemea maisha yake yote, na hoteli imesema ataanza Septemba, sehemu ya kufua, chini, hakuna ngazi.

Kitanda changu cha zamani kina mgeni, mama wa Taru aliyekanyagwa na ng'ombe. Alikuwa ndiyo kwanza amepewa kidonge chake cha rangi mbili, akanywa maji, akasema ahsante. Jacinter akamwegemea.

"Mama, shikamoo. Fungua mdomo tuone."

Mgeni akashangaa, akafungua.

"Inua ulimi."

Akainua. Kilikuwepo. Jacinter akamngoja, bila kugomba, hadi akameza kweli. Kisha akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni na magongo yangu, akanyoosha kidole.

"Na wewe, Mwalimu."

"Mimi sina dawa, mwanangu. Nilimaliza siku nyingi."

"Fungua tu."

Nikafungua mdomo, nikauinua ulimi, na mbele ya wodi nzima nikakaa hivyo, bila neno, mpaka Jacinter aliporidhika.